Kipima Sumaku cha Luthuli: Kitufe Kimoja, Gausi na Militesla

Haya wadau, karibuni tena. Leo mezani nina hiki hapa, kipima sumaku cha mkononi, kile mafundi wanakiita gausimita. Nimekitoa Luthuli Avenue hapa Nairobi kwa shilingi 7,500, na bei ya kwanza kuambiwa ilikuwa 9,000, kwa hiyo mkienda, bishaneni. Najua kuna wenzangu wa chaneli nyingine walishafungua boksi mbele yenu wakasoma karatasi yote mpaka uzito wa betri. Mimi hayo naruka. Kina kioo, kina waya, mbele ya waya kuna ulimi mwembamba, na nchani mwa ulimi ndipo kilipo kihisi cha Hall, kile kinachogeuza ukali wa sumaku kuwa volti. Tumemaliza.

Ninachotaka mkione ni kitufe hiki cha kulia. Kimeandikwa G, mkwaju, mT. Sogeza kamera. Hapo hapo.

Hii ni sumaku niliyoichomoa kwenye hadi diski mbovu. Naigusisha ulimi, bapa kwa bapa. Inasoma 312.4. Swali: 312.4 ya nini? Angalia kona ya chini ya kioo, kuna herufi ndogo kama za masharti ya mkopo wa simu. Ni mT, militesla. Sasa mkono hauondoki, sumaku haiondoki, nabonyeza tu. Umeona? 3124. Gausi. Nabonyeza tena, 312.4. Ukali wa sumaku ni ule ule, kilichobadilika ni kizio. Militesla moja ni gausi 10. Ukitaka tesla kamili, chukua gausi ugawanye kwa 10,000, unapata tesla 0.3124.

Hiyo 10,000 haikuokotwa njiani. Maksweli na weba ni vizio vya jumla ya sumaku inayopita kwenye eneo fulani. Gausi ni maksweli moja kwa sentimita mraba. Tesla ni weba moja kwa mita mraba. Weba moja ina maksweli milioni 100, na mita mraba moja ina sentimita mraba 10,000. Gawanya, ndiyo hiyo. Tesla iliingia rasmi kwenye mfumo wa SI, ule wa vipimo vya kimataifa, mwaka 1960, lakini gausi imekataa kustaafu, hasa kwa wauza sumaku.

Na mimi nawajua kwa nini! Pita mjini uone bangili za sumaku zinazouzwa eti za kutibu viungo. Imeandikwa kwa fahari: gausi 3000. Andika tesla 0.3 uone kama kuna mtu atasimama hata kutazama. Namba kubwa inauza. Kuhusu kutibu viungo, hiyo tuiache, leo napima sumaku tu.

Kuna mtego mwingine hapa, na huu unawapata hata mafundi. Unanunua sumaku ya neodimi daraja la N35, karatasi inasema gausi 11,700, yaani tesla 1.17. Unarudi nyumbani, unaweka ulimi juu yake, unapata hata nusu haifiki. Kabla hujamrukia muuzaji: ile namba ni sifa ya madini yenyewe ndani, si ya hewani juu ya uso wa kipande chako kidogo. Muuzaji ambaye hakuambii amepima wapi, muulize.

Tazama hii wufa, yaani spika ya besi, mtaelewa vizuri zaidi kwa nini mahali unapopima ni muhimu. Naweka ulimi nyuma ya spika, kwenye bati. Militesla 38. Fundi mwingine hapo atakwambia sumaku imekufa, nunua nyingine. Sasa naingiza ulimi kwenye ule mwanya mwembamba ambamo koili hucheza. Polepole, ulimi huu ukivunjika sina wa pili... 940! Militesla 940, gausi 9400, karibu tesla nzima. Spika ni ile ile. Iko hai kabisa.

Kinachoniudhi sasa. Ukizima na kuwasha, kinarudi kwenye gausi chenyewe. Kila mara! Umeandika daftarini kwa militesla asubuhi nzima, umezima kuokoa betri, ukiwasha namba zimekuwa mara kumi na zile herufi hazionekani bila miwani. Kwa 7,500, jamani, kumbukumbu ya kizio kimoja ingewagharimu nini? Pia mkono ukipasha ulimi joto, sifuri inahama kidogo, kwa hiyo bonyeza ZERO kila unapoanza kazi.

Halafu najua mtauliza, si kuna programu ya simu ya bure? Ipo. Ninayo. Simu inasoma mikrotesla, na mikrotesla 100 ndiyo gausi 1. Hapa Nairobi, mbali na vyuma, itaonyesha kama 33, sawa na gausi 0.33, huo ni uga wa sumaku wa dunia yenyewe. Kwa hilo simu inashinda kifaa hiki bila ubishi, maana hiki kinanipa 0.3 tu na kutetereka. Lakini vihisi vingi vya simu hugota karibu na militesla 5, yaani gausi 50. Hiyo sumaku ya hadi diski ni zaidi ya mara sitini ya hapo. Na usiisogeze kwenye simu, dira itachanganyikiwa.

Nilipoanza nilikuwa nimepanga kukiponda. Baada ya ile wufa, hapana, kinakaa. Kama unatengeneza spika au unasuka mota, kinunue, ila usipite 7,000, mimi nimelipa zaidi kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Mwalimu wa fizikia, mwonyeshe mkuu wa shule video hii. Wewe unayetaka kujua kaskazini iko wapi, baki na simu yako. Video ijayo ni ya chaja za betri za pikipiki, zile mlizoomba, na tayari moja imeshatoa moshi.