Nyota moja kwa hii app ya muziki, tena naitoa kwa shingo upande

Jamani naandika nikiwa na hasira kwahiyo mnivumilie. Kuna app moja ya muziki, jina sitaji maana wao wana mawakili na mimi nina cherehani, mnaoitumia mtaijua tu. Nimeilipia. Sio ile ya bure ya matangazo kila baada ya wimbo, hapana, ile ya kulipia kabisa, mwezi ukifika wanakata kwenye simu hata kama umelala. Na nililipia kwa sababu moja tu, tangazo lao lilisema watanitafutia muziki mpya unaonifaa mimi. Mpya. Unaonifaa mimi. Hayo maneno yashikeni hapohapo.

Mimi ni fundi nguo, nashinda kwenye kiti kuanzia asubuhi mpaka wenzangu wanafunga maduka, spika yangu ndogo iko pembeni ya mkebe wa uzi, kwahiyo kwa siku nasikiliza muziki kuliko hata mtangazaji. Redio nilishaachana nazo, nyimbo zilezile zinazungushwa mpaka unazichukia, na sio kwamba nyimbo ni mbaya, ni kwamba hata pilau ukipewa asubuhi mchana na usiku utaomba maji tu. Mimi napenda kusikia kitu ambacho sijawahi kukisikia, kikanifanya nisimamishe cherehani.

Kama Zawose Queens. Kama hamjawasikia acheni kusoma huu upuuzi wangu mkawasikilize kwanza, kweli tena. Ni Pendo na Leah Zawose, wa ule ukoo wa Kigogo uliohamia Bagamoyo, Pendo ni mtoto wa marehemu mzee Hukwe Zawose na Leah ni mjukuu wake. Miaka yote kina mama kwenye ule ukoo walikuwa nyuma wanaitikia na kucheza, mbele wanaume, sasa hawa wamekaa mbele wenyewe, na albamu yao Maisha ikatoka 2024 Real World, ileile lebo ya Peter Gabriel iliyotoa kazi za mzee zikaenda dunia nzima. Zile sauti zinavyopandana halafu ngoma inagonga chini kabisa, we acha. Siku ya kwanza nilimwacha mteja amesimama na tepu shingoni nikamwambia dada subiri wimbo uishe.

Basi nikaingia kwenye hiyo app yangu ya kulipia, nikawaweka Zawose Queens, nikabonyeza pale pa kuletewa nyimbo zinazofanana. Sasa mtu mwenye akili zake anategemea nini hapo? Nilitegemea Msafiri Zawose, ndugu yao huyo, mtoto wa mzee naye, ana albamu inaitwa Uhamiaji ya 2017 ambayo kachukua ilimba na zeze, ala za asili za Kigogo, akavichanganya na vinanda vya umeme ukatoka muziki ambao sijui niuiteje. Au Siti and the Band wa Zanzibar, wenye udi na kanuni na fidla, taarabu imeamka imevaa raba. Au basi hata Mmali, hata Mwethiopia, mtu yeyote anayegusa chombo kwa mkono wake.

Wimbo wa pili tu, pa! Bongo fleva ya yule msanii mkubwa. Simtaji, sitaki ugomvi na mashabiki wake, na wala sina shida naye, wimbo wenyewe nilishaucheza sana kwenye harusi. Nikaruka. Ukaja mwingine wa kwake. Nikaruka. Ukaja wa mtu mwingine, nikashukuru, kumbe yule mkubwa kashirikishwa humo. Kuna kile kialama cha kusema sitaki wimbo huu, nikabonyeza, app ikanijibu tumekuelewa hatutakuletea tena, kesho yake asubuhi nafungua tu ndo huo wa kwanza. Tumekuelewa! Wamenielewa nini?

Kuna kijana mteja wangu anasoma mambo ya kompyuta, anakuja kupunguziwa suruali, akanieleza kwamba hizi app kwa sehemu kubwa hazisikilizi muziki wenyewe, zinaangalia watu. Waliosikiliza A wamesikiliza na nini kingine, basi na wewe unaletewa hicho. Sasa waliosikiliza Zawose Queens huku kwetu ni wachache, na hao wachache nao ni Watanzania kama mimi, wamewahi kusikiliza ule wimbo wa harusi, kila mtu kausikiliza, basi app inaona aaah, hawa watu lazima wanapenda huu. Na msanii mpya kabisa ambaye hajasikilizwa na mtu, hana A wala B, haonekani kabisa. Mwenye nacho anaongezewa. Nikamuuliza kijana sasa huo ugunduzi uko wapi, akacheka akasema mama we lipia suruali niende.

Na hapa ndo panaponiuma zaidi. Mburahati, bajaji tu kutoka nilipo, kuna studio ya Sisso, imepika singeli weee. Singeli naijua, nani mtu wa uswahilini asiyeijua, vigodoro vimetunyima sana usingizi. Lakini ile ya Sisso na wenzake ya ala zaidi, inayokimbia mapigo 200 na kuendelea kwa dakika mpaka unaona moyo unataka kutoka, hiyo dunia imeijua kupitia Kampala, wale wa lebo ya Nyege Nyege Tapes walivyokusanya kazi za pale wakatoa Sounds of Sisso 2017, ndo Wazungu wakaanza kuwaita vijana wetu kwenye matamasha Ulaya. Sawa, heko kwa watu wa Kampala. Lakini app inajua mimi niko Dar, bei inanitoza ya Dar, matangazo ya mwanzo ilikuwa inaniletea ya Dar, ikifika kwenye muziki wa kilometa chache kutoka mlangoni kwangu inajifanya haijui kitu.

Basi nikaandika kwa kastama kea. Hapa ndo mnisikilize vizuri maana hapa ndo nyota zilipopotelea.

Nimeandika kistaarabu. Habari za kazi, naomba msaada, nikisikiliza muziki wa asili naletewa bongo fleva ileile, naomba mnielekeze nifanyeje. Jibu la kwanza limekuja hapohapo, "Mpendwa mteja, tafadhali funga programu kisha uifungue tena." Nikajua hili lidude sio mtu. Nikafunga, nikafungua, nikarudi nikaandika nimefungua ni yaleyale. Mpendwa mteja, tafadhali funga programu. Nikaandika NAOMBA MTU. Nikasubiri, nimepiga pasi nguo za watu nikamaliza, ndo akaja mtu. Kaka mmoja. Nikamweleza upya toka mwanzo, hata hakusoma ya juu. Ananijibu hivi, "Dada hao unaowasikiliza hawana wasikilizaji wengi, jaribu kusikiliza wasanii wanaofanya vizuri."

Wanaofanya vizuri!

Nilisoma mara ya kwanza nikadhani nimeona vibaya. Nikamuuliza kaka yangu, kwani Pendo Zawose anafanya vibaya? Kimya. Nikamwambia mimi nimelipia kutafutiwa ambao siwajui, hao wanaofanya vizuri nawasikia bure kwenye daladala, sihitaji kukatwa hela. Akanijibu, "Kama hauridhiki unaweza kusitisha kifurushi, uamuzi ni wako dada." Akafunga mazungumzo. Hata kwaheri hakuna. Halafu hapohapo ikaja ile ya tumekuhudumiaje leo, na visura, nikabonyeza kile kilichonuna kuliko vyote, wakanijibu asante kwa maoni yako mazuri. Nimekaa na ile simu mkononi naangalia tu.

Mimi mteja akija na kitenge chake anataka mshono wa ajabuajabu, naweza kumwambia ukweli kwamba huo utanichukua muda na bei itapanda, lakini siwezi kumwambia dada wenzio wote wanashona solo wewe una nini. Duka lingefungwa. Huyu kaka anapata mshahara kwa kuniambia hivyo.

Nikaapa nasitisha. Nilikuwa nasitisha kweli. Sasa sikieni kilichotokea kabla mwezi haujaisha, na ndo maana hii hukumu yangu imekaa upande.

Nina jirani yangu Mkenya, anauza mitumba ya watoto, mama wa Murang'a, akija kushonewa hupenda niweke Joseph Kamaru. Mzee wa Kikuyu yule, gitaa na mafumbo, aliyemwimbia J.M. Kariuki, yule mwanasiasa wa Kenya, baada ya kuuawa 1975, amefariki 2018. Mimi Kikuyu sijui hata salamu ila gitaa halihitaji mkalimani. Basi nikamwekea Kamaru, zikapiga nyimbo kama kawaida, jirani anaitikia, mimi napima kiuno. Mara kimya. Sio kimya kabisa, kuna kitu kinavuma, hakuna ngoma, hakuna gitaa, hakuna mtu anaimba. Nikaitikisa spika. Nikaangalia chaji. Jirani ananiuliza umezima? Nikamwambia sijagusa kitu, hili lijamaa limeanza tena. Naangalia kioo nakuta limeandikwa KMRU.

Kumbe ni mjukuu. Huyu kijana naye jina lake ni Joseph Kamaru, mtoto wa Nairobi, siku hizi makazi yake Berlin, anarekodi sauti za kawaida tu za mahali anapopita halafu anazinyoosha mpaka zinakuwa kama anga zima linapumua. Ile ilikuwa inatoka kwenye Peel, albamu yake ya 2020. Sasa kama app ilichanganya babu na mjukuu kwa sababu ya jina au kuna namna iliwaunganisha, hiyo ni siri yao. Jirani alisema huu sio muziki, akaondoka na gauni lake. Mimi nikaacha iendelee. Nyimbo zake ni ndefu jamani, ndefu kwelikweli, hazina mahali pa kuitikia wala pa kutikisa kichwa, na nilishona sare za kwaya nzima jioni ile bila kuinua macho, mpaka mlinzi wa frem akaja kunigongea.

Kwahiyo tuseme ukweli, miezi yote nimelipa, kitu kipya kimoja cha maana nilichopewa nimepewa pengine kwa bahati mbaya. Nimpe nani nyota hapo? Nikafikiria kuwaongezea, maana bila hao nisingemjua KMRU maishani, nani angeniambia, yule kaka wa wanaofanya vizuri? Lakini nikimkumbuka tu huyo kaka hamu inaisha.

Kumfuatilia mjukuu ndo kumenipeleka Bandcamp, tovuti ambayo wasanii wanauza muziki wao wenyewe, na huko nimekuta kitu kizuri sana, mjukuu ndo anazirudisha rekodi za babu yake sokoni, anaziweka huko moja baada ya nyingine, unanunua na unajua hela inaenda kwa wenyewe. Bandcamp hawana haraka. Unasikiliza bure kwanza, ukipenda unalipa, wao wanachukua asilimia 15 kwenye muziki wa kupakua, na kuna Ijumaa maalumu walizozianzisha 2020 wakati wa korona ambazo hawachukui kitu kabisa. Ukimpenda mtu unaingia kwenye lebo yake unakuta wenzake, unaweza kuona hata nani mwingine kanunua hiyo albamu na kanunua na nini kingine, unamfuata mtu wa Poland asiyekujua anakupeleka mpaka Kinshasa kwa Kokoko!, wale wanaopiga makopo na vyuma chakavu. Ni hesabu ileile ya A na B ukitazama, ila hapa ni mtu katoa hela yake mfukoni, sio aliyeacha wimbo ujipigie harusini. Nao sio malaika, walinunuliwa na Epic Games, kampuni ya magemu, 2022, mwaka uliofuata wakauzwa kwa kampuni nyingine, Songtradr, na karibu nusu ya wafanyakazi wakaachwa, kwahiyo ukinunua pakua uweke kwenye simu yako, usiwaamini sana. Na kulipa lazima uwe na kadi au PayPal, mimi natumia ile ya mtandaoni ya kujaza kutoka kwenye simu, siku nyingine inakubali siku nyingine inakataa.

Na mwenye nauli ya boti aende tamasha la Sauti za Busara, Februari, Mji Mkongwe Zanzibar. Toka 2004 wanaleta watu ambao hakuna app ingekuletea, unasimama Ngome Kongwe unasikiliza bendi ambayo jina huwezi kulitamka na umevaa kofia ya jirani yako kwa sababu umati umewachanganya. Huko hakuna anayekuuliza kama wanafanya vizuri.

Haya, nyota. Nilianza na moja. Kwa ajili ya KMRU nikapandisha mbili, nikiwa nimetulia na chai naona hata tatu ingekuwa haki, maana sauti zao ni safi na ukipakua inapiga bila bando, hilo siwanyimi, na umeme ukikatika ndo inaniokoa. Halafu leo asubuhi nimefungua, nimeweka Zawose Queens, wimbo wa pili mnaujua. Basi ni moja. Na kifurushi bado sijasitisha, kinaisha mwisho wa mwezi, nataka nimpigie Kamaru mara moja tena nione kama watakosea. Ila yule kaka wa kastama kea kama unasoma hapa, wewe hupati hata nusu.