Chingamu ya nikotini ya miligramu 4: nimeijaribu Malaba na kwenye sherehe ya mpwa wangu Kampala

Niseme mapema ili asiye na muda aende zake: inasaidia kuacha sigara, haina utamu wowote, na bei yake inauma. Boksi moja lilinila pesa ambazo zingeninunulia pakiti kadhaa za sigara, na hapo ndipo wengi wanapogeukia mlangoni.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kazi ya kusubiri. Unasubiri karatasi, unasubiri mtandao urudi, unasubiri dereva aamke. Sigara ndiyo iliyokuwa ikijaza hayo mapengo. Chingamu niliipata Tororo, maana maduka ya dawa niliyoulizia hapa mpakani yalinipa pole tu. Musawo (mhudumu wa afya) wa duka la dawa la pale, mama mmoja anayening'iniza miwani shingoni, hata hakuuliza nimevuta miaka mingapi. Aliuliza, "Mzee, ukishaamka, unakaa muda gani kabla ya sigara ya kwanza?" Nikamwambia sijavaa hata viatu. Akarudisha rafuni boksi la miligramu 2, akateremsha la 4. Ndivyo inavyopimwa: anayewasha ndani ya nusu saa ya kuamka huanza na 4, anayeweza kungoja zaidi huanza na 2.

Jina chingamu linadanganya watu. Hii haitafunwi kama Big G. Unaiuma polepole mara chache mpaka ilete ukali kama wa pilipili, kisha unaisukuma kati ya shavu na ufizi, unaiacha hapo. Ukali ukipungua, unaiuma tena kidogo, unaihamishia upande wa pili. Kipande kimoja kinakwenda kama nusu saa. Nikotini inapita kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo. Ukiimeza pamoja na mate inakwenda kukuchoma kifua bure. Dereva mmoja wa Mombasa aliniomba kipande, akakitafuna kama mbuzi, kwikwi zikamshika pale pale kwenye foleni ya malori. Akakitema vumbini, akasema hiyo ni dawa ya kutesea watu.

Waliobuni kitu hiki ni Waswidi, na sababu yao naipenda. Mwaka 1967 Ove Fernö wa kampuni ya dawa iitwayo Leo alipata habari kwamba mabaharia wa nyambizi, ambao ndani ya chombo hawawezi kuwasha sigara, wanajipoza kwa tumbaku ya kuweka mdomoni. Akajiuliza kama nikotini inaweza kuletwa bila moshi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za aina hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Nayasema haya kwa sababu ofisini waliniambia nimeuziwa pipi.

Sasa sherehe ya kuzaliwa ya mpwa wangu. Aliyewahi kutazama kipindi cha televisheni cha My Super Sweet 16 cha MTV ataelewa upesi. Kilianza 2005: watoto wa matajiri wa Marekani wanatimiza miaka 16, mialiko inagawiwa kwa mbwembwe, binti anaingia ukumbini kama malkia, halafu gari jipya linatokea mbele ya wageni. Kuna kipande cha binti anayemfokea mama yake kwa kumpa Lexus kabla ya siku ya sherehe. Zawadi ni gari, na bado ni kilio! Kipindi chenyewe kimemzidi mpwa wangu umri, lakini vipande vyake amevitazama kwenye simu mpaka vikamwingia kichwani.

Dada yangu na shemeji hawana utajiri huo. Gari lilikuwa la kukodi na lilirudi kwa mwenyewe usiku ule ule. Lakini kamera zilikuwepo, droni ilikuwepo, na mambo yote yalirushwa moja kwa moja mtandaoni kwa ndugu walio Dubai na London. Dada alinipigia mapema: "Kaka, zawadi usijali. Ila mtoto anataka ucheze naye mbele ya kamera, na hataki harufu ya sigara." Basi nikaenda na chingamu mfukoni.

Mwaliko ulisema saa nane mchana, binti akaingia jua linazama. Wazee wenzangu walijikusanya nyuma ya ukuta karibu na jenereta, wakiwasha. Sheria ya tumbaku ya Uganda ya 2015 inataka mvutaji awe mita 50 kutoka mahali pa watu. Ukuta ule haukufika hata kumi. Shemeji akaninyooshea pakiti. Nikamwonyesha shavu.

Na hapa ndipo kasoro kubwa ya bidhaa hii. Soda, juisi, kahawa, bia, vyote vinaleta asidi mdomoni na nikotini haipiti vizuri. Unatakiwa usiviguse dakika 15 kabla, wala wakati kipande kiko mdomoni. Sherehe ya Kampala bila soda wala bia? Nilikaa na chupa ya maji huku wahudumu wakinionea huruma. Halafu kwenye video shavu langu la kushoto limevimba kama la mgonjwa wa jino, na katikati ya muziki mpwa wangu anasikika wazi: "Mjomba, unatafuna nini kwenye densi yangu?" Kama una hotuba au picha za familia, itoe kwanza.

Taya huchoka siku za mwanzo. Ladha ya mnanaa waliyoandika kwenye boksi huisha haraka, unabaki na pilipili. Sigara moja moja zimepigwa marufuku na sheria ile ile, lakini kioski kilicho mbele ya ofisi yetu kinaziuza kwa sarafu, na kushindana na sarafu kwa boksi la bei hiyo ni kazi. Serikali ingepunguza hapo.

Musawo aliniambia nisipite vipande 24 kwa siku, na kwamba kwa kawaida mtu hupunguza taratibu mpaka amalize ndani ya wiki 12 hivi. Mimi nimeshateremka kwenye miligramu 2. Ukienda Tororo piga simu kwanza, kwa sababu rafuni hukaa boksi moja au mawili tu, na linalofuata nimeshaliwekea oda.