Miaka Mitatu katika Kanisa la Waumini 60, Malindi

Anayehamia Malindi kikazi hukuta makanisa ya kila namna, kuanzia yale makubwa yenye bendi na vipaza sauti hadi yale ya chumba kimoja yaliyojibana baina ya duka la mbao na kinyozi. Mimi nilianzia katika mojawapo ya yale makubwa, ambako kwa miezi minane nilikaribishwa kwa bashasha na watu ambao hawakuwahi kulijua jina langu, kisha nikahamia kanisa dogo la Kiprotestanti upande wa Muyeye, lenye waumini wasiozidi 60, kuta za matumbawe na paa la mabati. Kwa kuwa marafiki kadhaa wameniuliza kama linafaa, naandika niliyoyaona.

Faida kubwa ya kanisa la kiasi hiki ni kwamba kutokuwepo kwako kunaonekana. Jumapili moja ya mwezi wa Mei nililala na homa, nikakosa ibada bila kumwarifu yeyote, na kabla ya alasiri mzee wa kanisa na mama anayefundisha shule ya Jumapili walikuwa mlangoni kwangu na chupa ya uji. Swali lao la kwanza lilikuwa kama nimekwisha kupimwa damu. Nilipojibu kwamba bado, waliniita tuktuk, tukaenda hospitali pamoja, na maombi yakafanyika kwa sauti ya chini tukiwa kwenye foleni ya maabara. Ilikuwa malaria.

Nataja mpangilio huo wa mambo kwa sababu hapa Malindi hakuna anayeweza kulisifia kanisa dogo bila kuikumbuka Shakahola, msitu ambamo tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliokuwa wafuasi wa mhubiri mmoja, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa. Udogo peke yake si kinga; kundi dogo lililojitenga laweza kuwa gereza. Kwa hiyo kabla ya kujiunga niliuliza maswali ambayo kwingine yangeonekana utovu wa adabu: cheti cha Msajili wa Vyama kiko wapi, fedha zinashikwa na nani, na aliyehama kanisa bado anasalimiwa? Mzee niliyemuuliza alicheka akasema, "Uliza, mwanangu. Tangu Shakahola hata sisi wenyewe twaulizana." Cheti kimetundikwa ukutani, mchungaji hagusi simu inayopokea sadaka, na kila baada ya miezi mitatu mhazini husoma hesabu mbele ya watu wote, hadi bei ya balbu iliyoungua. Mwanzoni nilikuwa nikisinzia wakati wa balbu. Sasa nasikiliza, kwa kuwa katika watu 60 kila shilingi ina mtu anayekumbuka ilikotoka.

Jambo la pili linatokana na uchumi wa mji wenyewe. Masika yakianza na pepo za kusi zikichafua bahari, kati ya Aprili na Juni watalii hupungua, hoteli kadhaa hufunga au huwapeleka wafanyakazi likizo isiyo na mshahara, na wavuvi wa vyombo vidogo hushindwa kutoka nje ya mwamba. Kanisani mwetu wapishi, watunza bustani na wavuvi ni zaidi ya nusu, na kuanzia Desemba hadi Machi, wakati kazi ipo, kila Jumapili hukusanywa mchango mdogo mbali na sadaka, ambao waumini wameuita mfuko wa kusi. Ukifika mwezi wa Mei hugeuzwa kuwa unga, mafuta na karo. Kiasi si kikubwa, lakini hakuna fomu ya kujaza, kwani kila mtu anajua nani amesimamishwa kazi. Hapo ndipo penye uchungu pia: kila mtu anajua nani amepewa, na nimemwona baba mmoja akikaa nyuma kabisa kwa majuma kadhaa baada ya kupokea mfuko wake.

Kasoro nyingine ni za kawaida. Machi joto chini ya mabati halivumiliki, na mvua ikinyesha mahubiri husimama hadi itulie. Wambea wapo. Kazi hazina pa kuzikwepa. Mimi nisiyejua kuimba niliingizwa kwaya katika mwezi wangu wa pili hapo, nikafundishwa nyimbo za Kigiriama ambazo maneno yake nayajua nusu. Ukitaka kusali na kuondoka kimya kimya, hapa hapatakufaa. Msibani, hata hivyo, wingi wa kazi hizo huwa neema, maana kabla ya jua kutua sufuria na viti vimekwisha kukusanywa, vingine kutoka kwa majirani zetu Waislamu, nasi hurudisha fadhila hiyo zamu yao ikifika.

Watoto wa shule ya Jumapili walipelekwa mwaka jana kuliona kanisa la Wareno kule ufukweni, lililoezekwa makuti, wakaelezwa kwamba Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Mmoja aliuliza kwaya ilikuwa ikikaa wapi, maana ni dogo kuliko hata letu.

Ibada hutangazwa kuanza saa tatu asubuhi. Ukifika saa tatu kamili utawakuta wazee wawili wakipanga viti vya plastiki, na utapewa vitatu vya kubeba.