Kliniki ya mazoezi ya moyo, Tudor
Baba alipotoka hospitalini baada ya mshtuko wa moyo, aliogopa hata kupanda vidato viwili vya baraza yetu, na sisi wanawe tukaizidisha hofu hiyo kwa kumkataza kila kitu. Kliniki ndogo ya Tudor, mtaa wa Mombasa, ndiyo iliyotutoa katika kosa hilo. Kwa wiki 12, mara mbili kwa wiki, alitembea juu ya mashine huku muuguzi akimpima presha kabla na baada ya zoezi, na kumwomba aupime uchovu wake mwenyewe kwa namba kuanzia 6, yaani hakuna jitihada, hadi 20, yaani jitihada ya mwisho. Mwendo uliongezwa kidogo kidogo, kwa kuwa mwili uliozoeshwa kwa kipimo huifanya kazi ileile kwa mapigo machache zaidi ya moyo.

Kilichonigusa zaidi ni somo la chakula. Mtaalamu hakumharamishia samaki wa kupaka. Alimimina chumvi kijiko kimoja cha chai kwenye sahani, akaeleza kwamba mtu mzima hapaswi kufikisha kiasi hicho, yaani gramu 5, kwa siku nzima. Mama aliitazama kimya, na jioni ile achari haikuonekana mezani.

Nina lawama moja: kliniki iko ghorofani na lifti iliharibika kwa wiki tatu, jambo lisilostahili kabisa kwa wagonjwa wa aina hii.

Sasa Baba, bila kuacha dawa zake, hutembea kando ya bahari, Mama Ngina, dakika 30 kila siku baada ya sala ya alfajiri.