Radvilavičiūtė au Parulskis?

Ukitaka kuonja insha za Lithuania zinazojitazama zenyewe, yaani zinazozungumzia uandishi wao wenyewe, Giedra Radvilavičiūtė, mshindi wa Tuzo ya Fasihi ya Umoja wa Ulaya mwaka 2012, ndiye mlango mzuri. Katika insha yake moja anataja vigezo vya maandishi bora huku anasimulia maisha yake, hata hujui lipi limetokea na lipi limetungwa. “Mimi” wake ni mhusika kamili.

Sigitas Parulskis, mwandishi mwenzake wa Lithuania aliyewahi kuwa askari wa miavuli wa jeshi la Kisovieti, naye husema “mimi” katika kitabu chake cha insha, Nuogi drabužiai (2002), ila kwa ukali na kejeli, anajichokonoa kidonda. Mie namchagua Giedra: anatunga huku anacheka, na tafsiri ya Kiingereza ya insha zake ipo tangu 2013.