Miezi Kumi na Minane Pembeni mwa Uwanja wa Vumbi: Tathmini ya Kituo Kimoja cha Soka la Watoto

Mwanangu alipotimiza miaka 9 nilimwandikisha katika kituo cha kufundishia soka kilichopo upande wa Tabata, jijini Dar es Salaam, na sasa anakaribia miaka 11. Jina la kituo sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza ni malalamiko na wahusika hawapo hapa kujitetea. Hata hivyo, wazazi kadhaa wameniuliza kama ada inayotozwa katika vituo vya namna hii inalingana na kile mtoto anachokipata, nami nimeona ni vyema nijibu kwa maandishi, nikieleza siku za mazoezi na siku za mechi kila moja peke yake, kwa sababu kituo hiki siku ya Jumanne na kituo hicho hicho siku ya Jumamosi ni kama vituo viwili vya wenyewe tofauti.

Nianze na gharama. Ada ni shilingi 50,000 kwa mwezi kwa siku tatu za wiki: Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 10 jioni hadi saa 11 na nusu, na Jumamosi asubuhi kwa ajili ya mechi. Jezi, bukta na soksi hulipiwa kando shilingi 45,000, na mzazi hununua mwenyewe njumu na vikinga ugoko. Nawashauri wazazi wasikimbilie njumu mpya za dukani zenye meno marefu, kwa maana uwanja wenyewe ni wa shule, mgumu kama sakafu, na mtoto aliyevaa meno marefu huteleza na kuumia kisigino. Njumu za mtumba kutoka soko la Karume, zile zenye meno mafupi mengi, zinamfaa zaidi na hazitamtosha baada ya miezi 8 hata hivyo.

Mwalimu wa kundi la miaka 8 hadi 11 ndiye sababu ya mimi kuendelea kulipa. Ni kijana aliyecheza ligi ya mkoa kabla goti halijamlazimisha kutundika daluga mapema, na ana leseni ya ukocha ya daraja D inayotambuliwa na Shirikisho la Soka Afrika. Siku ya kwanza nilipofika nilihesabu watoto 24 na mipira 24, yote ya saizi namba 4 ambayo ndiyo inayostahili umri huo, na jambo hilo pekee lilinifanya nikae hadi mwisho wa mazoezi. Sisi wa rika langu tulikulia kwenye chandimu, watoto 20 tukigombea mpira mmoja wa makaratasi na nailoni, ambapo anayejua alizidi kujua na asiyejua alipelekwa golini. Hapa kila mtoto hukaa na mpira wake kwa dakika 20 za mwanzo, akiukokota kati ya koni, akiusimamisha kwa unyayo na kugeuka nao, ndipo wagawanywe wanne kwa wanne katika viwanja vidogo vilivyochorwa kwa chokaa, bila mtu wa akiba anayesubiri pembeni.

Katika michezo hiyo midogo ana kanuni moja ambayo mwanzoni niliiona ya kitoto: bao lililofungwa kwa mguu dhaifu huhesabiwa mawili. Mwanangu ni wa mguu wa kulia, na kwa wiki 6 za mwanzo mguu wake wa kushoto ulikuwa wa kusimamia tu, lakini hesabu ya mabao ilipoanza kumwonea ndipo alipoanza kuutumia mwenyewe, pasipo mtu kumfokea. Jambo la pili ni kwamba mwalimu huyu huuliza zaidi kuliko anavyoamuru. Mtoto akipoteza mpira, filimbi husikika, wote husimama walipo, na swali huwa lile lile: kabla mpira haujakufikia ulikuwa unatazama wapi? Jibu la watoto karibu wote ni kwamba walikuwa wanautazama mpira, naye huwaambia kuwa mpira unakuja wenyewe, hivyo watazame nani yuko nyuma yao. Nimekuja kuona matokeo ya swali hilo nyumbani, kwenye runinga, pale mtoto anaponionyesha kiungo aliyegeuza shingo mara mbili kabla ya kupokea pasi, jambo ambalo mimi, kwa miaka yote niliyoshabikia mpira, sikuwahi kulitazama.

Upungufu wa mazoezi yenyewe ni mdogo. Makipa hawana mwalimu wao, na hufundishwa na yeyote mwenye nafasi. Na watoto wanapozidi 30, kama inavyotokea wakati wa likizo ya Juni, mwalimu na msaidizi wake huelemewa, viwanja vidogo vikageuka kuwa kimoja kikubwa, na chandimu yetu ya zamani ikarudi ikiwa imevaa jezi.

Sasa niwaeleze wazazi, nikiwamo mimi. Pembeni mwa uwanja kuna mwarobaini, na chini yake kuna mabenchi mawili na mama anayeuza vitumbua na chai ya tangawizi, ambayo kwa maoni yangu ni huduma bora kuliko zote zinazopatikana pale baada ya mwalimu. Hapo ndipo matokeo ya wikendi yanapojadiliwa. Mtu wa Jangwani, yaani shabiki wa Yanga, hafikishi kikombe mdomoni kabla ya kutaja 5-1 waliyowafunga Simba tarehe 5 Novemba 2023. Mtu wa Msimbazi, yaani wa Simba, humjibu kwa 5-0 waliyowafunga Yanga Mei 2012, na akibanwa zaidi hurudi hadi 6-0 ya mwaka 1977, ambayo wengi wetu tunaokaa pale hatukuishuhudia. Siku moja, katikati ya utani huo, mzee mmoja ambaye huja na mjukuu wake alituuliza tuwataje waliofunga siku ile ya 5-1. Tuliwataja kwa fahari: Kennedy Musonda, Maxi Nzengeli mawili, Stephane Aziz Ki na Pacôme Zouzoua. Mzee akahesabu kwa vidole: Zambia, Kongo, Burkina Faso, Ivory Coast. Kisha akamgeukia mwalimu aliyekuwa anapita na kumuuliza, "Mwalimu, hivi wa kwetu wako wapi?" Mwalimu alimjibu, "Shikamoo mzee. Wa kwetu ndio hawa, ila mnataka nishinde nao Jumamosi." Akaendelea na safari yake kwenda kupanga koni.

Jibu hilo lilinikaa kichwani, kwa kuwa Jumamosi ndipo huduma ya kituo hiki inapoharibika, na wanaoiharibu ni uongozi pamoja na sisi tunaolipa. Watoto waliofundishwa Jumanne kutoa pasi fupi kutoka kwa kipa wao, Jumamosi husikia sauti 15 za baba zao zikiamuru wabutue mbele, na mtoto wa miaka 10 akisikia sauti ya mwalimu na sauti ya baba yake kwa wakati mmoja, hahitaji kufikiri ataitii ipi. Mimi mwenyewe nimewahi kupaza sauti hivyo, na nilipomwona mwanangu akinitazama kabla ya kupiga pasi, badala ya kutazama nani yuko nyuma yake, niliona aibu. Mwalimu alijaribu kufunga kamba hatua 10 kutoka kwenye mstari ili wazazi wakae nyuma yake. Kamba ilidumu Jumamosi tatu.

Uongozi wenyewe una lawama kubwa zaidi. Katika mashindano ya Pasaka ya watoto walio chini ya miaka 12, tulifika uwanjani tukakuta wachezaji wawili ambao hakuna mzazi aliyewahi kuwaona mazoezini, mmoja wao akiwa na sauti iliyokwisha kuvunjika na mabega ya mvulana wa kidato cha pili. Kwa lugha ya mtaani hao ni mamluki. Tulishinda 4-0, mamluki wakafunga matatu, kombe likapigwa picha, na mwanangu pamoja na wenzake wanaolipa ada kila mwezi walicheza dakika 6 za mwisho. Nilipomfuata msimamizi na kumuuliza, alinijibu kwa upole, "Baba, wazazi ndio wanataka kombe." Sikuwa na la kumjibu mara moja, kwa maana nilikuwa nimeshangilia bao la kwanza.

Jambo hili si dogo kama linavyochukuliwa. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilikuwa imekwisha kufuzu fainali za Afrika nchini Gambia, ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na nafasi ikachukuliwa na Zimbabwe. Kuanzia fainali za Kombe la Dunia la vijana hao za mwaka 2009, FIFA imekuwa ikitumia picha za sumaku za kifundo cha mkono kubaini umri, hivyo mtoto aliyelelewa kwa kupunguziwa miaka hufika mahali ambapo mfupa wake mwenyewe unamkana. Na hata wanaopita kwa haki huonyesha pengo la malezi ya utotoni. Mwaka 2019, fainali za Afrika za vijana hao zilipochezwa hapa Dar es Salaam, Serengeti Boys waliifunga Nigeria mabao 4 katika mechi ya ufunguzi na bado wakapoteza 5-4. Kisha wakafungwa 3-0 na Uganda na 4-2 na Angola, wakatoka bila pointi. Chini ya mwarobaini mechi ile ya Nigeria husimuliwa kama bahati mbaya. Mimi, baada ya miezi 18 ya kutazama watoto wakifundishwa mahali pa kusimama wasipokuwa na mpira, siwezi tena kuziita bahati mbaya goli 12 katika mechi 3.

Lipo pia suala la kumbukumbu na ahadi. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho ya mchezaji anayeuzwa nje ya nchi akiwa bado na mkataba igawanywe kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, na asilimia 0.5 kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23. Kwa mauzo ya dola milioni 1, kituo kilichomlea mtoto misimu ile minne ya mwanzo kingestahili dola 10,000, fedha ambazo zingenunua mipira na magoli kwa miaka mingi. Lakini haki hiyo hudaiwa kwa usajili unaotambulika na shirikisho la nchi. Nilipoomba kuona usajili wa kundi la wakubwa nilionyeshwa daftari la mistari lenye majina, namba za simu na alama za vema kwa waliolipa ada.

Wakati huo huo, wazazi wa watoto hao wakubwa walikuwa wameambiwa wachangie fedha za pasipoti kwa ajili ya majaribio Ulaya. Wazazi wa aina yetu tunapaswa kujua kwamba kanuni hizo hizo zinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizoainishwa. Kelvin John, nyota wa Serengeti Boys wale wa 2019, alijiunga na Genk ya Ubelgiji mwaka 2021, alipokwisha kutimiza miaka hiyo 18. Mbwana Samatta, ambaye kila kituo jijini humtaja kwenye mabango yake, alipita African Lyon, Simba na TP Mazembe kabla ya kufika Genk na kisha Aston Villa mwezi Januari 2020. Hakuna hata mmoja wao aliyeondoka akiwa na miaka 13 kwa mchango wa pasipoti.

Huduma nyingine nizitaje kwa ufupi. Vyoo vya shule hufungwa Jumamosi. Maji kila mtoto huja nayo. Kisanduku cha huduma ya kwanza nilikifungua siku mtoto mmoja alipoteguka kifundo cha mguu, nikakuta bandeji moja, pamba na chupa ya spiriti. Barafu ilipatikana kwa mama wa vitumbua, ambaye alituletea kutoka kwa jirani anayeuza juisi.

Kwa mzazi wa mtoto wa miaka 8 hadi 11 anayeuliza kama fedha hiyo inafaa kutolewa, jibu langu ni ndiyo, mradi mwalimu niliyemweleza bado yupo, na mradi mzazi aende kwanza kutazama mazoezi mawili akihesabu mipira na watoto. Kwa mtoto aliyefikia miaka 12, anayehitaji usajili halali na mechi za ushindani wa haki, nisingekishauri kituo hiki kwa namna kinavyoendeshwa sasa, na mwanangu akifikia umri huo nitamtafutia pengine.

Kwa sasa nimekubaliana na msimamizi nilipe shilingi 35,000 kwa Jumanne na Alhamisi peke yake, na alikubali bila ubishi, jambo linaloonyesha kuwa huenda si mimi wa kwanza kuomba hivyo. Jumamosi mwanangu hucheza chandimu na watoto wa mtaani kwetu. Juzi alifunga kwa mguu wa kushoto, akadai lihesabiwe mawili, na wenzake wakamkatalia katakata.