Uzoefu wangu: Canon 85mm f/1.8 kwenye mechi za kikapu za ndani

"Anko, huyu ni mimi au mzimu?"

Mpwa wangu alikuwa ameshika simu, ananionyesha picha niliyompiga mimi mwenyewe. Namba 7 kwenye jezi ilisomeka, lakini mikono haikuwepo. Palikuwa na moshi wa rangi ya ngozi unaopanda kuelekea kwenye ringi. Mimi nakula kwa kupiga picha: harusi, sendofu, kipaimara, mahafali. Siku ile nilijisikia vibaya sana.

Nilikuwa nimeingia ukumbini na Canon 80D yangu na lenzi ya 55-250mm, nikijiambia kwamba uwanja ni mrefu, mita 28, kwa hiyo ninachohitaji ni kuvuta. Kuvuta ilivuta. Ila ile lenzi ukiifikisha mwisho, tundu lake la kuingizia mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na ukumbi wenyewe ni wa shule, taa zimening'inizwa juu kabisa na nyingine zimeungua. Kwa ISO 3200, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, nikapata kasi ya shata ya 1/100, sehemu ya mia ya sekunde. Bibi harusi anayeingia taratibu na mama yake, 1/100 inamtosha kabisa. Binti wa miaka kumi na sita anayeruka kugombea rebaundi ni habari nyingine. Nikapandisha ISO hadi 12800, chenga zikajaa kama televisheni ya antena wakati wa mvua. Nikawasha flashi kama nilivyozoea ukumbini. Refa alisubiri mpira utoke, akanifuata pale pale nilipokaa: "Kaka, zima hiyo. Unawapofusha watoto." Nikazima.

Naomba niseme jambo moja hapa, maana nimeshaulizwa na vijana wawili watatu. Ile lenzi ina mfumo wa kutuliza mtikisiko, na ukienda dukani watakusifia mfumo huo mpaka utoe hela. Unatuliza mkono wako wewe. Mchezaji haumtulizi. Kwenye michezo ya ndani kinachomgandisha mtu hewani ni shata ya haraka, 1/640 au 1/800 kwenda juu, na shata ya haraka inataka mwanga. Kutoka f/5.6 kwenda f/1.8, mwanga unaoingia unaongezeka karibu mara kumi. Nilivyopiga hesabu hiyo ndipo nikaacha kutafuta lenzi ndefu, nikaanza kutafuta lenzi yenye tundu kubwa.

Kwanza nilikodi 70-200mm f/2.8, ile kubwa nyeupe ambayo kila mpigapicha wa michezo anaiota. Niliikodi Jumamosi moja, mechi tatu mfululizo. Sina neno baya juu ya picha zake. Fokasi ilikuwa inamkamata mchezaji kama mwewe na kifaranga. Lakini toleo nililopewa lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, bado bodi ya kamera yenyewe, na mechi ya pili ilipoisha nilikuwa naegemeza viwiko magotini kama mzee anayeota moto. Na f/2.8 kwa taa zile bado ilinidai ISO 6400 ili nipate 1/800. Bei ya kuinunua, hata iliyotumika, ingenimaliza akiba yote, na kazi ya kikapu hainilipi hivyo. Shule inanipa nauli na soda.

Kwa hiyo nikabaki na mbili: 50mm f/1.8, ambayo ni rahisi na nyepesi kama haipo, na 85mm f/1.8. Ile ya 50 nilikuwa nayo tayari kwa picha za familia. Tatizo lake ni mota inayosogeza fokasi. Kwa mtu aliyekaa haina shida, lakini mchezaji akikujia mbio, inamfuata nyuma nyuma. Picha tano za mfululizo, mbili zimekaa, tatu fokasi iko kwenye ubao wa matokeo. Ile 85mm ni lenzi ya zamani, ipo sokoni tangu 1992, lakini mota yake ina haraka ya ajabu kwa umri huo. Ina gramu 425 tu.

Kununua lenzi iliyotumika kwa mji kama Dar kunataka macho. Ya kwanza niliyoletewa ilikuwa inang'aa kwa nje kama imetoka kiwandani jana. Nikawasha tochi ya simu upande wa nyuma, nikachungulia kwa mbele. Kwenye ukingo wa kioo cha ndani kulikuwa na vijiuzi vyeupe vinavyotawanyika, kama mizizi ya mchicha uliong'olewa sasa hivi. Kuvu. "Vumbi tu hilo, bro, linatoka," akaniambia yule muuzaji. Vumbi huwa halioti mizizi. Nikamrudishia kwa heshima. Ya pili niliipata kwa mpigapicha mwenzangu wa harusi aliyehamia kwenye kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani ya bodi (mirrorless). Wengi wanahama hivyo, na lenzi hizi za EF, za kamera za Canon zenye kioo hicho, zimeshuka bei. Laki tano na nusu, na hata hapo nilimulika kwanza, tukacheka, nikalipa.

Sasa nimeitumia miezi minane. Mpangilio wangu pale ukumbini haubadiliki sana: f/2, 1/800, ISO 3200, fokasi ya kufuata mtu, mwanga wote naupanga kwa mkono. Siachii kamera ikadirie mwanga, kwa sababu saa kumi jioni jua huingia kwa mlango mkubwa wa magharibi na kutandika mkeka wa mwanga sakafuni, karibu na mstari wa mtupo huru. Ukiiachia kamera, mchezaji akikanyaga ule mkeka wenzake wote wanageuka vivuli. Mimi nampimia aliye kivulini, na anayepita kwenye mkeka aungue tu weupe, sekunde moja yuko nje.

Kuna balaa moja ambalo sikulitarajia, na lilinifanya nidhani nimeuziwa kimeo. Picha kumi za mfululizo, mpangilio ule ule: moja ya njano, moja nyeusi nyeusi, moja safi. Nikasafisha vyuma vya lenzi na bodi, wapi. Kumbe ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa zile zinapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, jicho halioni. Nilipokuwa napiga kwa 1/100 na ile 55-250, kila picha ilikuwa inakula mzunguko mzima wa taa, kwa hiyo zote zilifanana. Kwa 1/800 unakata kipande tu, na huchagui kipande gani. Kwenye menyu ya 80D kuna sehemu ya kuzuia kumeta kwa taa; ukiiwasha, kamera inasubiri taa ifike kileleni ndipo ipige. Mfululizo unapungua kasi kidogo. Nimekubali.

Mapungufu yake yapo. Kwa f/1.8 yenyewe picha ina ulaini fulani, na kitu cheupe kinachometa, kama chuma cha ringi au mstari wa jezi, kinavaa ukingo wa zambarau. Ukibana hadi f/2 au f/2.2 hupungua sana, ndiyo maana siigusi 1.8 ila taa zikikatika upande mmoja. Pia kwa mita sita, sehemu iliyo kwenye fokasi haifiki hata nusu mita. Ukimpata mwenye mpira, anayemkaba ni kivuli cha rangi. Mara nyingi napenda hivyo, lakini kocha aliyetaka picha ya timu nzima ikikaba hakupenda.

Halafu haivuti. Kwa sensa ndogo ya 80D, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, 85mm inaona kama 136mm, na ukikaa kona ya mstari wa mwisho kama nilivyokuwa nafanya, mtu akiruka chini ya ringi unamkata miguu. Nilipoteza mechi mbili nzima kwa kung'ang'ania kona ile kwa sababu ndiko wapigapicha wa kwenye televisheni wanakokaa. Sasa nakaa pembeni, baada ya benchi la wageni, kama mita kumi kutoka kwenye ringi. Nikisimamisha kamera wima, mtu mzima anaenea na nafasi ya mpira inabaki. Goli la upande wa pili nimeshalisamehe. Nusu ya pili ikianza, timu zenyewe zinabadilishana upande.

Kama una bodi yenye sensa kubwa, 85mm itakuwa pana zaidi kuliko ninavyoielezea, na hapo hata kona inakaliwa. Wa netiboli na wavu wangefurahi nayo pia. Kwa uwanja mkubwa wenye majukwaa, ambako huruhusiwi kusogea, nisingeibeba. Ningekodi tena ile nyeupe na kumeza dawa ya mgongo.

Nyumbani inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu vile vinavyobadilika rangi vikishiba. Mke wangu ameitafuta ndoo hiyo mara mbili, ilikuwa ya unga.

Ile 55-250 sijaiuza. Jumapili saa tisa mchana naibeba kwenye mpira wa miguu mtaani, jua linawaka, f/5.6 inanipa 1/2000 bila jasho, na huko haina kosa lolote.